"Mpelekeni Nyumbani": Neno Lisilo Haki kwa Mgonjwa wa Saratani ya Ubongo



Ipo sentensi moja ambayo katika sehemu zetu hizi, kuanzia Mkomaindo hadi juu Newala na Kitangari, imekwisha kuwa kama hukumu isiyokatiwa rufaa. Husemwa kwa sauti ya chini, aghalabu karibu na mlango, na huambiwa ndugu wa mgonjwa, si mgonjwa mwenyewe. "Mpelekeni nyumbani, hakuna la kufanya." Ndugu huinamisha vichwa, hukunja shuka, hutafuta pikipiki au gari, na mgonjwa hurudishwa kijijini bila kujua ni neno gani limesemwa juu yake. Tangu siku ile, machoni pa watu, yeye amekwisha kufa; kilichobaki ni kungoja mwili ufuate.

Sisi tunasema kwamba sentensi hiyo ni dhuluma. Tunasema hivyo hasa kwa ajili ya wagonjwa wa uvimbe na saratani ya ubongo, kwa kuwa ugonjwa wao hugusa kiungo kile kile ambacho kwacho mtu hufikiri, hukumbuka, hunena, hupenda na hukasirika. Mwenye saratani ya mguu huweza kulalamika. Mwenye saratani ya ubongo huenda akapoteza hata maneno ya kulalamikia. Asiyeweza kujisemea anahitaji wa kumsemea, na kama Tume ya Haki na Amani haifiki kitandani pa mtu wa namna hiyo, basi haki tunayoihubiri ni ya wenye sauti tu.

KWANZA TUUJUE UGONJWA WENYEWE

Fuvu la kichwa cha mtu mzima ni mfupa usiotanuka. Kitu chochote kinachoota ndani yake hukosa nafasi, na kwa kukosa nafasi huukandamiza ubongo. Ndiyo maana mgonjwa huumwa kichwa, mara nyingi zaidi alfajiri anapoamka, hutapika, huona ukungu au huona kitu kimoja kama viwili, hupoteza nguvu za mkono na mguu wa upande mmoja. Mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka kifafa maishani mwake huanza ghafla kuanguka. Uvimbe ukikaa nyuma ya paji la uso, huweza kubadili tabia kabla ya kuumiza popote: baba aliyekuwa mpole anaanza kutukana, mama aliyekuwa msafi hajali tena kuoga, mtunza hazina wa jumuiya anapotea katika hesabu alizozifanya miaka kumi. Ukikaa upande wa kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko kuliko na chombo cha usemi, humnyang'anya mgonjwa majina ya vitu na ya watoto wake, ilhali mara nyingi bado anaelewa mengi ya yale anayoambiwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Upo unaoota polepole katika utando unaoufunika ubongo, na huo daktari wa upasuaji akiutoa wote mtu aweza kuishi miaka mingi. Tena si kila kinachofanana na uvimbe ni uvimbe. Kifua kikuu huweza kuingia ubongoni na kufanya donge. Usaha hufanya donge. Mayai ya tegu wa nguruwe humfanya mtu aanguke kifafa. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI yako maambukizi ambayo huuvimbisha ubongo kwa namna ile ile. Yote hayo yana dawa, na baadhi ya dawa hizo si ghali hata kidogo.

Hivyo basi, mtu anayemwambia mgonjwa wa namna hii "hakuna la kufanya" kabla ya kipimo cha picha ya kichwa amesema asilolijua. Baada ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Serikali iliupata mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, hospitali za rufaa za mikoa zilianza kupelekewa mashine za CT, kipimo ambacho zamani kilikuwa kama hadithi ya Dar es Salaam. Upasuaji wa ubongo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Njia ipo. Ni ndefu, ni ya gharama, lakini ipo, na mwenye haki ya kuamua kama ataifuata au hataifuata ni mgonjwa aliyeelezwa.

Je, zile saratani za ubongo zilizo kali kabisa? Hapa hatutawadanganya. Ipo moja, madaktari huiita glioblastoma, ambayo hata katika nchi tajiri haijapatiwa dawa ya kuiponya. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wagonjwa waliopata mionzi pamoja na dawa, nusu yao walivuka miezi 14 na ushei; waliopata mionzi peke yake, nusu yao walivuka miezi 12. Seneta Edward Kennedy wa Marekani aligundulika mwezi Mei 2008, akafanyiwa upasuaji na mabingwa wa dunia, akafariki tarehe 25 Agosti 2009. Seneta John McCain aligundulika Julai 2017, akafariki tarehe 25 Agosti 2018. Watu hao walikuwa na kila kitu ambacho fedha huweza kununua.

Kuna anayesoma habari hiyo na kuhitimisha: ikiwa wao wamekufa, mkulima wa korosho wa Chiungutwa asumbukiwe ya nini? Sisi tunahitimisha kinyume chake. Ikiwa fedha zote za Marekani haziwezi kuongeza zaidi ya miezi hiyo, basi tofauti kati ya tajiri na maskini haiko sana katika urefu wa miezi. Iko katika namna miezi hiyo inavyoishiwa. Mmoja anaishi bila maumivu, akiwa na akili ya kuagana na watoto. Mwingine analala chini ya mwembe akipiga kelele, amefungwa kamba mkono mmoja kwa sababu "amechanganyikiwa". Tofauti hiyo haikuletwa na saratani. Imeletwa na watu, na kilicholetwa na watu huondolewa na watu.

MAUMIVU YASIYOONEKANA KATIKA PICHA

Kiswahili chetu kina hekima ambayo hospitali nyingi zimeisahau. Tunapomtembelea mgonjwa hatumwambii tu "upone". Tunamwambia "ugua pole". Maana yake tunakiri kwamba kuna kuugua kwa namna mbili, na kwamba hata asiyepona anastahili kuugua kwa upole. Tunatofautisha pia maumivu na uchungu. Maumivu yako kichwani; uchungu uko rohoni, na ni neno lile lile la mama anayejifungua na la mtu aliyefiwa. Mwingereza mmoja, Cicely Saunders, ambaye alikuwa muuguzi, kisha mtumishi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua nyumba ya wagonjwa wasiopona huko London mwaka 1967, akafundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na kwamba anayetibu moja tu hajatibu. Dunia nzima ikamsifu kwa ugunduzi. Bibi zetu wa Newala wangemwelewa mara moja.

Mgonjwa wa saratani ya ubongo huelemewa na nafsi kwa njia nyingi. Huogopa kuanguka mbele za watu. Huogopa kuamka asubuhi akiwa hajui jina lake. Wengi huingia katika sonona, ile huzuni nzito isiyo na mlango, ambayo huondoa usingizi, huondoa hamu ya kula, na humfanya mtu aone kwamba amekuwa mzigo. Watu husema, "Ni kawaida, nani asingehuzunika?" Lakini sonona ni ugonjwa juu ya ugonjwa, nayo inatibika: kwa dawa pale zinapohitajika, kwa mazungumzo, kwa mtu anayekuja kila juma bila kukosa. Hata dawa zenyewe zina lao. Deksamethasoni, kidonge cha bei ndogo kinachopunguza uvimbe wa ubongo na kumpa mgonjwa nafuu kubwa ya kichwa ndani ya siku chache, huweza pia kumnyima usingizi, kumpandisha sukari na kumfanya awe mkali au mwenye wasiwasi. Familia isiyoelezwa hayo hudhani kwamba mashetani yamepanda.

Na hapa ndipo tunapofika mahali pachungu. Mtu akibadilika tabia, nchi hii huuliza upesi sana, "Nani amemfanya?" Ukoo hugawanyika. Shangazi mzee hutazamwa kwa jicho baya. Fundi huitwa, na fundi lazima ataje mtu, maana asipotaja hatalipwa. Kutoka nyumba moja yenye mgonjwa mmoja tunapata nyumba tatu zenye uhasama. Tunajua hofu ya namna hii ilivyo ya zamani. Daktari Louise Aall, Mnorwei, alipoanza kliniki ya kifafa huko Mahenge mwaka 1960, aliwakuta watu waliotengwa na jamaa zao, waliokula peke yao, wengine wenye makovu makubwa ya moto, kwa kuwa walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa, wakidhani kwamba ugonjwa huambukiza kwa mate. Kidonge cha kila siku kiliwarudisha wengi mashambani na mezani. Fenobabitoni ile ile ya Mahenge ndiyo mpaka leo huweza kumzuilia mgonjwa wa uvimbe asianguke. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala uvimbe wa ubongo hauambukizi kwa njia yoyote. Mshikeni mgonjwa. Kuleni naye.

Hatuwezi kuwalaumu mafundi peke yao. Wako wahubiri, na wengine husimama karibu sana na milango ya makanisa yetu, wanaowaamuru wagonjwa watupe vidonge kama alama ya imani. Tusifiche uzito wa jambo hili. Mgonjwa anayeiacha ghafla dawa ya kifafa huweza kuingia katika degedege lisilokoma, ambalo huua. Mgonjwa anayeiacha ghafla deksamethasoni aliyoizoea huweza kuzimia na kufa, kwa kuwa mwili umesahau kutengeneza kemikali yake wenyewe. Kisha mhubiri husema imani ilipungua. Kiongozi wa jumuiya anayejua jambo hilo linatendeka katika kitongoji chake na kunyamaza, hana udhuru.

KUMFICHA MGONJWA NI KUMWIBIA

Desturi yetu ya kumficha mgonjwa habari za ugonjwa wake hutetewa kwa jina la huruma. "Tukimwambia atakata tamaa." Tumelisikia neno hili kwa watoto, kwa waume, kwa wauguzi, hata kwa mapadre. Tunawaomba mlipime upya.

Mgonjwa ndiye anayelala na kichwa kile. Anajua kwamba kuna jambo. Anawaona wageni wanaoingia wakitabasamu na kutoka wakifuta macho. Anaona mazungumzo yanakatika anapogeuka. Kwa hiyo siri hiyo haimwondolei hofu. Inamwondolea tu mtu wa kuzungumza naye juu ya hofu. Anabaki peke yake katikati ya nyumba iliyojaa watu.

Kwa saratani ya ubongo kosa hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu ya saa. Wagonjwa wengine huweza kuambiwa kesho. Huyu, kesho yake huenda isiwe na akili ya kupokea wala ulimi wa kujibu. Kuna kipindi, pengine cha miezi, pengine cha majuma tu, ambacho bado ana uwezo wa kuamua: kama atakwenda Dar es Salaam au atabaki, nani amsimamie, mikorosho ipi ni ya nani, deni lipi limelipwa, nani anataka kumwomba radhi na nani anataka kumsamehe. Kipindi hicho kikipita katika ukimya, hakirudi.

Fikirini habari za mali, maana ndizo zinazoleta watu wengi mbele ya mabaraza yetu. Katika nchi hii ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuatwa upande wa mama, na sauti ya mjomba ina uzito. Sheria za nchi nazo zina njia yake, na dini zina zake. Mjane na watoto wanajikuta katikati ya njia tatu. Neno moja la marehemu, lililoandikwa au kusemwa mbele ya mashahidi akiwa na akili timamu, lingeokoa shamba lao. Lakini marehemu hakuulizwa, kwa sababu "tusimtishe". Au aliulizwa akiwa amekwisha kuchanganyikiwa, kidole chake kikachovywa wino na kubandikwa kwenye karatasi asiyoielewa. La kwanza ni uzembe. La pili ni wizi, nasi tuliite kwa jina lake.

Kuambia ukweli hakuna maana ya kumrushia mtu hukumu usoni. Muulizeni kwanza yeye mwenyewe: unajua nini juu ya ugonjwa wako? Ungependa kujua nini zaidi? Awepo nani tunapozungumza? Wako watakaosema hawataki kujua, na hiyo pia ni haki yao. Semeni polepole, kidogo kidogo, kwa lugha yake. Na kama lugha yake ya moyoni ni Kimakonde, atafutwe wa kusema Kimakonde. Kisha mrudi kesho yake, kwa sababu maswali huja usiku.

MAITI HUPEWA GARI

Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 mtu havuki tena Rufiji kwa pantoni, na hilo ni jambo la kushukuru; lakini nauli ni nauli. Mionzi ya saratani kali ya ubongo, ikitolewa kama inavyotakiwa, huchukua mara 30, siku tano kila juma, majuma sita mfululizo. Kwa muda mrefu sera ya nchi imeweka saratani katika magonjwa ambayo matibabu yake husamehewa malipo, lakini msamaha huo haumlishi mgonjwa majuma sita, wala haumlipii msindikizaji chumba Mbagala, wala haumtoi Mbagala hadi Ocean Road kila asubuhi katika daladala, akiwa na kichwa kinachopasuka. Ndiyo maana wengi hurudi wakiwa wamepata mara kumi au hawakupata hata moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Sisi tunaipima kwa swali dogo: je, itamfikisha mgonjwa wa Kitangari mpaka kwenye mashine, au itamlipia mashine asiyoweza kuifikia?

Lakini tusiitazame Serikali peke yake. Mgonjwa huyu akifa Dar es Salaam, tazameni yatakayotokea. Ndani ya siku moja daftari hupita. Jumuiya huchanga, wenzake wa kazini huchanga, chama cha wanamasasi wa mjini huchanga. Gari hukodiwa kuleta mwili, jeneza hupigwa vanishi, turubai hufungwa, mchele hununuliwa kwa magunia. Tunaheshimu desturi ya kuzikana. Ni utu wetu. Lakini mtu yule yule, miezi mitatu kabla, alipanda basi akiwa ameegemea dirisha, na hakuna daftari lililopita kwa ajili yake. Maiti hupewa gari. Mgonjwa hupanda basi. Tunauliza, bila kuzunguka: ni kwa nini jumuiya zetu zina katiba ya msiba na hazina katiba ya ugonjwa?

Na kuna mtu mwingine anayesahauliwa, yule anayeuguza. Karibu kila mara ni mwanamke: mke, binti, dada. Anamgeuza mgonjwa usiku, anafua nguo kwa maji ambayo kule juu Newala, kila mtu anajua, hayapatikani kwa urahisi. Anatukanwa na mume ambaye hakuwahi kumtukana. Na shamba linasubiri palizi. Mara nyingine ni binti aliyetolewa shule "kwa muda". Mateso yake hayana kipimo cha CT. Anayemletea ndoo mbili za maji na kukaa na mgonjwa ili yeye alale saa tatu, amefanya tiba.

DAWA ILIYOFUNGIWA

Tuseme sasa juu ya maumivu yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1986 mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani hatua kwa hatua, kutoka vidonge vya kawaida hadi morfini. Morfini ya maji, inayonywewa, hutengenezwa kwa kuchanganya unga na maji safi. Si dawa ya anasa. Uganda, jirani yetu, haikuwa tajiri kuliko sisi. Daktari Anne Merriman alianzisha huko huduma ya Hospice Africa mwaka 1993. Na mwaka 2004 Serikali ya nchi hiyo ilibadilisha kanuni ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika morfini, kwa sababu walitambua kwamba kijijini daktari hayupo lakini muuguzi yupo. Na morfini hiyo mgonjwa hupewa bila malipo. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliazimia kwamba tiba shufaa iwe sehemu ya huduma za afya za kila nchi. Hata hivyo Shirika hilo linakadiria kwamba duniani, kati ya watu 100 wanaoihitaji huduma hiyo, ni kama 14 tu wanaoipata.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Kwamba morfini itawafanya watu wateja wa dawa za kulevya: mgonjwa wa saratani aliyepimiwa kipimo chake kwa maumivu yake si mteja, na mwenye kuhofia wizi aweke kufuli na daftari, asimnyime mgonjwa. Kwamba morfini humaliza mtu: ikitolewa kwa kipimo sahihi na kuongezwa kidogo kidogo, humtuliza, kinachommaliza mtu ni kutolala majuma mawili. Kwamba malaria na uzazi ndizo zitangulie. Hili ndilo jibu lenye uzito, nasi hatulidharau, kwa maana tunawazika watoto na akina mama pia. Lakini deksamethasoni, fenobabitoni na morfini si mashine za mabilioni. Hakuna mtoto atakayekosa dawa ya malaria kwa sababu zahanati imeweka chupa ya morfini.

Wala mtu asituambie kwamba nchi hii ni ya nyuma mno kwa mambo kama hayo. Masasi ni mahali ambapo mwaka 1876 misheni ya UMCA iliwaleta watu waliokombolewa utumwani ili waanze maisha upya, watu ambao nao walikuwa wamehesabiwa kuwa wamekwisha. Ni misheni hiyo hiyo iliyoanzisha hospitali ya Mkomaindo. Daktari Leader Stirling alifika katika eneo hili mwaka 1935, akafanya upasuaji Lulindi chini ya paa la nyasi, akahamia Mnero, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa nchi hii kuanzia 1975 hadi 1980. Kabla dawa za ukoma hazijapatikana, misheni ziliwatunza wenye ukoma bila kuweza kuwaponya. Na katika miaka ya 1990, wakati dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazikuwapo kwetu, ni waamini wa kawaida waliotembea na vikapu, glovu na uji kwenda kuwahudumia wagonjwa majumbani. Hawakusema hakuna la kufanya. Dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 ziliwakuta watu wamekwisha kujifunza kuuguza. Ujuzi huo uko wapi sasa? Akina mama wale wengi bado wapo hai. Waulizeni.

YA KUTENDA KATIKA PAROKIA

Kila jumuiya ichague watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, wenye kujua kunyamaza. Kazi yao ni kumtembelea mgonjwa wa saratani mara mbili kwa juma, si siku ya kwanza tu akiwa bado habari mpya. Wasiende kundi. Mgonjwa wa ubongo huumizwa na kelele na mwanga. Sala ya dakika tano kwa sauti ya chini humfaa kuliko nyimbo za saa mbili na kipaza sauti dirishani. Wampe muda wa kujibu, wauulize uso wake ikiwa maneno yamepotea, wasizungumze juu yake kana kwamba hayupo. Wajue majina ya dawa zake na siku zitakapokwisha. Anapoanguka kifafa, wamlaze ubavu, waondoe vitu vinavyoweza kumjeruhi, wasimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, na degedege likizidi dakika tano wamkimbize kituo cha afya.

Mchango wa ugonjwa uwekwe kando na mchango wa msiba, hata ukiwa ni kilo chache za korosho wakati wa msimu, kabla malipo ya stakabadhi ghalani hayajatumika yote. Utunzwe kwa daftari, na utumike kwa nauli ya kwenda kwenye kipimo kwanza, maana hapo ndipo maisha mengine huokolewa.

Wale kati yenu mlio katika kamati za zahanati na Kamati ya Maendeleo ya Kata, mnalo jukwaa. Kabla Halmashauri haijapitisha bajeti ijayo ya afya, mwulizeni diwani kwa maandishi, na jibu nalo mlitake kwa maandishi: Je, katika hospitali yetu ya wilaya morfini ya kunywa ipo leo, au iliisha lini? Ni wauguzi wangapi waliopelekwa kusomea tiba shufaa, na wamepangwa wapi? Mgonjwa aliyerudishwa kutoka Dar es Salaam anaandikishwa kwa nani, na nani anamfuata kijijini kwake? Nakala ya barua hiyo ipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa paroko, nayo isomwe kwenye matangazo ya Jumapili pamoja na tarehe iliyopokelewa.